Interlaken kwa mawingu na maji: nilivyozunguka bila kupanda Jungfraujoch

Kila aliyewahi kukanyaga Uswisi alikuwa na neno lilelile kwangu: panda Jungfraujoch, usipopanda hujafika. Hakuna aliyeongeza kwamba treni ya kwenda kituo hicho cha mlimani, inayokwea hadi mita 3,454, hula zaidi ya faranga 200 msimu wa watalii kwa asiye na kadi ya punguzo, na kwamba wingu likitua huko juu unakuwa umelipia ukuta mweupe. Mimi niliamua kila asubuhi niende wapi kwa kuangalia vitu viwili tu, mawingu na maji. Fedha ya Jungfraujoch ilitosha mambo mengine yote, na chenji ikabaki.

Mtu wa Moshi hahitaji somo hapa. Mlima unauona alfajiri, ikifika saa nne umeshajifunika. Milima ya Alps wakati wa kiangazi ina tabia hiyohiyo: asubuhi shwari, mchana mawingu yanapanda, jioni huenda radi ikapiga. Kwa hiyo kabla ya chai nafungua kwenye simu kamera za vileleni, zipo bure mtandaoni. Usiangalie dirisha la hoteli. Mji wa Interlaken uko chini, mita 560 hivi, na mara nyingine ukungu umelala juu ya ziwa huku vilele vinaoga jua. Kinyume chake pia hutokea, na hapo ndipo watu wanapochoma nauli.

Kilele kikiwa wazi, chaguo langu ni Schynige Platte. Treni ya meno, ile yenye gurudumu linalong'ata reli, inaanzia Wilderswil, kituo kimoja kutoka Interlaken Ost, stesheni ya mashariki ya mji, nayo inapanda tangu 1893 kwa mwendo wa kobe, karibu dakika 50, hadi karibu mita 2,000. Milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau yote mitatu iko mbele yako. Wengi hupiga picha kituoni wakarudi. Tembea nusu saa hivi hadi kilima cha Daube: kutoka hapo unaona maziwa yote mawili kwa mpigo, Brienz mashariki na Thun magharibi, na Interlaken imebanwa katikati. Tazama rangi zake. Brienz ni kijani chenye weupeweupe kwa sababu mito inaleta unga wa mawe uliosagwa na barafuto, yaani mito ya barafu ya milimani. Mwingi wake unatua humo, ndiyo maana Thun inapokea maji ya mto Aare yaliyokwisha kuchujwa na inaonekana ya buluu zaidi. Treni hii haifanyi kazi wakati wa baridi, usiende Machi ukailaumu.

Mawingu yakishapanda, shuka kwenye maji. Ushauri wa pili mbovu niliopewa ni kwamba maporomoko ni maporomoko, nenda saa yoyote. Staubbach pale kijiji cha Lauterbrunnen, yenye mita 297, hunenepa Mei na Juni theluji inapoyeyuka. Kiangazi kikikauka, maji yake huwa uzi unaopeperushwa na upepo. Trümmelbach ni kesi nyingine, kwa kuwa inakusanya maji ya barafuto za milima ile mitatu. Jua likiwa kali, barafu inayeyuka zaidi, na maji yanaweza kufika lita 20,000 kwa sekunde. Basi alasiri ya siku ya joto, saa ambayo vilele vimefichwa, ndiyo saa yake. Yako ndani ya mwamba: unapanda kwa lifti, unaendelea juu kwa ngazi, kisha unashuka kwa miguu ukipita poromoko moja baada ya jingine. Mwamba unatetemeka, na kuongea ni kwa ishara. Mwavuli hausaidii kitu, vaa koti la mvua lenye kofia. Watoto chini ya miaka minne hawaruhusiwi, na wakati wa baridi panafungwa. Kutoka kituo cha Lauterbrunnen ni kilomita tatu tambarare, au basi namba 141. Usikanyage majani marefu kandokando ya njia, hicho ni chakula cha ng'ombe cha miezi ya baridi na wenyewe hukasirika kweli.

Jihadhari na treni ya kwenda Lauterbrunnen. Inatoka Interlaken Ost ikiwa moja, ikifika Zweilütschinen inakatwa: nusu Lauterbrunnen, nusu kijiji kingine, Grindelwald. Soma herufi kwenye jukwaa na maandishi ya behewa lenyewe. Anayeruka mlango wa kwanza aliouona huishia Grindelwald.

Sasa ujanja ninaojivunia. Watalii wengi huenda maporomoko ya Giessbach, kando ya ziwa Brienz, kwa meli kutoka Interlaken Ost, saa nzima majini, na kurudi vilevile. Mimi naugeuza. Nachukua treni ya asubuhi hadi kijiji cha Brienz, dakika 20 hivi, halafu meli kutoka Brienz, ambayo inavuka hadi gati la Giessbach kwa dakika kumi tu. Nafika kabla meli ya kutoka Interlaken haijamwaga watu. Toka gatini kuna reli ya kamba ya mwaka 1879, mabehewa mawili yanayopishana katikati ya mlima. Ni faranga chache, ila mwenye magoti mazuri apande kwa miguu, ni robo saa na ushee. Juu kuna hoteli kubwa ya kizamani ambayo ingebomolewa kama mwanamazingira Franz Weber asingeanzisha mfuko wa kuiokoa mwaka 1983. Pita uwanja wake, fuata njia ya kupanda kulia kwa maji, na utatokea nyuma ya poromoko lenyewe, pazia la maji mbele, mwamba mgongoni. Sakafu inateleza, shika chuma. Kitambaa kikavu cha kufutia kamera kiwe mfuko wa ndani, cha nje kitalowa.

Kisha usirudi gatini. Fuata kibao cha njano cha Iseltwald: karibu kilomita tano na nusu, saa moja na nusu, msituni karibu muda wote, ziwa likichungulia kati ya miti. Muda wa vibao hauhesabu mapumziko, kwa hiyo mwenye watoto aongeze theluthi. Njano tupu ni njia ya kila mtu. Alama ya nyeupe-nyekundu-nyeupe inataka viatu vya mlimani, na nyeupe-buluu-nyeupe waachie wenye kamba.

Iseltwald kuna gati lililopata umaarufu kwa tamthilia ya Korea, na wamefunga kigeti cha faranga 5. Simama ufukweni hatua chache pembeni: ziwa ni lilelile, ngome inayoonekana kutoka gatini ni ileile, na hulipi kitu. Basi 103 linakurudisha Interlaken Ost. Soma ratiba kituoni kabla hujavua viatu. Kadi ya mgeni unayopewa pale unapolala inagharamia mabasi ya eneo, angalia tu orodha ya vituo vyake.

Siku ya mvua ya kutwa, mapango ya St. Beatus juu ya ziwa Thun yanatosha. Basi 21 kutoka stesheni ya Interlaken West, kupanda kidogo, sweta lazima: ndani ni nyuzi 8 au 9 mwaka mzima.

Maji ya kunywa usinunue. Mabirika ya mbao vijijini yana maji safi, isipokuwa palipoandikwa "Kein Trinkwasser", yaani si maji ya kunywa.

Na ukikodi kayak, zijue taa za rangi ya chungwa kando ya maziwa. Zikimweka mara 40 kwa dakika, upepo mkali unaweza kuja, kaa karibu na ufuko. Zikimweka mara 90, dhoruba iko njiani: toka majini kwenye ufuko wa karibu, hata kama siyo ulipoikodi.