Umekuja na nini?

Kwenye raundi ya asubuhi nilikuta neno kwenye faili likaniuma: uzembe. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wa utabibu, kijana aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, alikuwa ameandika: "Mama amechelewa kufika kituoni kwa uzembe."

Mama mwenyewe alikuwa kitanda cha pili, mtoto ubavuni, bado yuko kwenye sindano za magnesiamu za kuzuia degedege. Alifika na presha ya 170 kwa 110, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Namshukuru Mungu hakikuingia.

Sikumkaripia kijana. Ni mchapakazi, dozi anazijua kuliko mimi nilivyozijua umri wake. Nikamwambia, "Mwanangu, vuta kiti ukae naye. Muulize nani aliamua aje, amekuja na nini, na alipofika hapa ilikuwaje."

Maswali hayo sikuyatunga. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika juu ya kuchelewa kwa aina tatu kunakoua wajawazito: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Chuoni wanafunzi wanayakariri kwa ajili ya mtihani. Huku Bonde la Rukwa unayakuta yamekaa kwenye benchi yanakusubiri.

Mama ni Msukuma wa jamii ya wafugaji, Kiswahili chake cha kuungaunga. Dada yetu wa usafi, naye Msukuma, akaweka ndoo chini akawa mkalimani. Kijana alijaribu "mwangaluka", salamu ya Kisukuma niliyomfundisha, akaikosea, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu aletwe.

Alikaa naye karibu saa nzima. Uchungu ulianza usiku. Mume yuko machungani na ng'ombe, na hela ya pikipiki anaitunza yeye. Mama mkwe akazunguka kwa majirani kukopa hadi kukakucha. Wakapata bodaboda, wakafika mtoni, mto umejaa. Wakakaa ng'ambo chini ya mti kusubiri maji yapungue, yeye akibanwa na uchungu, mkwe akimfunika kwa kitenge.

Jibu la swali la tatu kijana alilileta kwa sauti ya chini. "Mama, mgonjwa anasema alipofika aliulizwa kadi ya kliniki. Ilikuwa imebaki nyumbani. Akaambiwa akae kwenye benchi kwanza."

Hapo nilinyamaza. Mto sina namna ya kuuzuia, na hela ya mume siishiki mimi. Lakini benchi lile ni letu. Nimefundisha vijana wengi kupima presha, na sikuwahi kumwambia hata mmoja kwamba mjamzito anayeumwa kichwa anapimwa kwanza, kadi itatafutwa baadaye. Nilidhani wanajua. Sasa ndilo somo la siku ya kwanza, tunalianzia pale pale mapokezi, tumesimama, kabla hawajavaa glovu.

Kwenye faili hatufuti kwa wino mweupe. Unapiga mstari mmoja ili neno la zamani lisomeke, unaandika tarehe na kusaini. Kijana akapiga mstari juu ya "uzembe", akaandika: "Mto ulijaa. Amefika saa 8:00 mchana. Amepimwa presha saa 8:45. Alikuwa hana kadi." Akasaini.

Na mimi nikasaini chini yake, maana zamu ile ilikuwa yangu.