Soksi ya Baba

Leo asubuhi nimemsindikiza baba benki, hapa Dodoma mjini.

Baba alikatwa mguu wa kushoto kwa ajili ya kisukari. Gari bado anaendesha mwenyewe, ya otomatiki.

Akaegesha penye alama ya kiti cha magurudumu. Mlinzi akaja mbio: "Mzee, hapo ni pa walemavu. Una uthibitisho gani?"

Baba hakujibu.
Akafungua mlango, akapandisha suruali taratibu mpaka gotini.

Mguu wa bandia, juani, watu wakipita. Soksi aliyouvalisha alfajiri imenyooka vizuri, sawa na ya mguu mzima.

"Shikamoo mzee. Nisamehe."
"Marahaba, mwanangu."

Simlaumu mlinzi, alikuwa anapalinda pale kwa ajili ya watu kama baba.

Dada yangu yuko Marekani. Anasema kule daktari anajaza fomu, unapewa kadi ya kuning'iniza kwenye kioo cha ndani, au namba za gari zenye alama ile ile. Sisi Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010.

Wenye wazazi kama baba, nyie mnaonyesha nini mkiulizwa? Mlianzia ofisi gani kutafuta uthibitisho?

Ile soksi haijanitoka machoni.