Mgongo wangu na stresi: nilivyojifunza kukaa na maumivu

Mimi ni fundi cherehani, mafundi wenzangu mnakijua hiki kiuno, unainama toka asubuhi mpaka taa zinawashwa, ukitaka kunyanyuka mpaka ushike meza kwanza. Eksirei nilipiga, daktari akasema mifupa haina shida kubwa, akanipa dawa na mazoezi. Vimesaidia ila havikumaliza.

Kilichonishangaza ni jinsi mgongo ulivyokuwa unafuata mudi yangu. Siku mteja amegomba au ada ya mtoto haijatimia unauma balaa, siku tunapiga stori na kucheka, kazi ileile kiti kilekile, hata sikumbuki kama nina mgongo. Basi nikaanza kusoma, nikakutana na habari za Jon Kabat-Zinn wa Marekani, toka 1979 alikuwa anafundisha watu wenye maumivu sugu kutuliza akili na kuusikiliza mwili, programu ya wiki 8. Na utafiti wa 2016 wa watu wazima 342 wenye mgongo sugu, baada ya miezi 6 hivi waliofundishwa hivyo karibu 6 kati ya 10 walikuwa na nafuu ya maana kwenye shughuli zao, walioendelea na matibabu ya kawaida ni kama 4. Sio muujiza lakini kwa mtu anayeumwa hiyo ni kubwa jamani.

Mimi nafanya baada ya alfajiri, nikimaliza swala nabaki palepale kwenye mswala, nafuata pumzi, halafu napeleka akili toka vidole vya miguu kupanda juu taratibu. Nikifika kiunoni sikimbii, naangalia tu, inachoma au inavuta, imeanzia wapi inaishia wapi, na kumbe haikai sehemu moja, inapanda inashuka. Kazi ngumu ni yale maneno ya kichwani, "mgongo huu utaniachisha kazi, watoto watakula nini", yakianza tu mabega yanapanda, meno yanabana, kiuno chote kinakaza na maumivu yanaongezeka. Sasa nikiyasikia najiambia haya ni mawazo, narudi kwenye pumzi, mwili unalegea kidogo. Maumivu yapo, ila ile hofu juu yake ndio imepungua sana, na usingizi umerudi.

Mazoezi ya daktari sijaacha. Na wewe mwenye mgongo, miguu ikianza kuishiwa nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi au mkojo ukikushinda kuzuia, usikae kutafakari chochote, wahi hospitali siku hiyohiyo.