Siku moja maishani mwangu kama afisa ustawi wa jamii: ungo, chuya na faili la kesho

Saa 11:20 alfajiri
Nipo Mbagala Rangi Tatu nagombania daladala. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya Dar es Salaam. Mtaani jina letu ni fimbo: "Nitakupeleka ustawi!" Ndiyo maana watoto wengi hutujua kabla hatujafika, tena kwa ubaya.

Saa 2:00 asubuhi
Ofisi ni chumba kimoja, meza tatu na benchi la wateja. Mtu akilia, wote tunasikia. Mezani kuna barua ya mahakama: taarifa ya uchunguzi wa kijamii inatakiwa kesho. Wazazi wanaachana, watoto wawili, binti wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. (Ya kuwatambulisha nimeyabadilisha.) Baba anawataka wote, mama naye anawataka wote, na tayari kuna mazungumzo ya kuwagawa: binti kwa baba, mdogo kwa mama.

Sheria ya Ndoa ya 1971 haizuii hilo. Mahakama hailazimiki kuwaweka ndugu pamoja, ila iangalie ustawi wa kila mmoja. Na mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama, mpaka ithibitike vinginevyo. Lakini sheria hiyo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 pia, zinataka matakwa ya mtoto yazingatiwe, mradi yawe yake mwenyewe. Hilo "yake mwenyewe" ndilo linalonitoa jasho.

Saa 4:30
Gari halina mafuta. Bodaboda, nauli mfukoni mwangu.

Saa 5:00
Ni likizo, watoto wako kwa bibi mzaa baba. Nimekaribishwa vizuri, soda ya baridi, kiti cha mbele. Kisha bibi akaita: "Njoo umwambie anti kama ulivyotuambia."

Binti akasimama wima, mikono nyuma, kama anayeghani shairi mbele ya darasa. "Shikamoo. Mimi nataka kukaa na baba kwa sababu mama hana muda na sisi na ana marafiki wabaya." Bibi akaitikia kwa kichwa, karidhika.

Mwaka wangu wa kwanza kazini ningeandika hivyo hivyo na kuaga. Niliwahi kufanya hivyo, na faili lile bado linanisumbua.

Nikamwomba bibi tukae uani, mahali anapotuona ila asipotusikia. Palikuwa na ungo wa mchele haujachambuliwa. Tukauweka katikati, tukaanza kutoa chuya. Sikumuuliza anamtaka nani. Kumwambia mtoto achague kati ya mama na baba ni kumtwisha kesi ya wakubwa. Nilimwambia anisimulie siku yake, tangu anapoamka.

Huamka saa kumi na moja, kabla ya bibi. Mdogo wake hukojoa kitandani, basi yeye hugeuza godoro na kufua shuka mapema, asije akachekwa. Alisimulia hayo bila kuniangalia, vidole vikiendelea na kazi. Halafu: "Anti, mimi nikipelekwa huku na yeye kule, nani atamwamsha?"

Sikuwa na jibu.

Baadaye kidogo, kwa sauti ya chini: "Yale ya ndani nimeambiwa niseme." Akauliza kama baba atajua. Hapo ndipo wengi wetu hudanganya kwa huruma. Nilimwambia ukweli: hakimu atasoma, na wazazi wanaweza kusoma pia. Akatoa chuya tatu, nne. "Andika ya mdogo wangu. Ya kuambiwa usiandike."

Mdogo mtu nilimuuliza analala na nani. "Na dada." Akakimbilia mpira wake wa makaratasi.

Saa 8:15 mchana
Kwa mama, kwenye kibanda chake cha mama lishe. Swali la kwanza ni lile la kila mzazi: "Amesema anataka wapi?" Nikamjibu kwamba nimekuja kumsikiliza yeye. Akanuna, akanipakulia wali, nikakataa kwa adabu, kwani kesho upande wa pili ungesema nimelishwa. Njiani wakili akapiga: "Katoto kamechagua wapi?" Utadhani tunapiga kura.

Saa 2:00 usiku
Umeme umekatika, kompyuta ina asilimia 22. Nilikuwa nimeandika "mtoto anaonesha kupendelea kubaki na mdogo wake." Nimefuta. Nimeweka maneno yake kama yalivyotoka, pamoja na swali la nani atamwamsha. Habari ya shuka nimeiacha nje ya taarifa, ile ni siri ya mdogo wake. Aliyonikataza sikuyaandika. Nimeomba tu hakimu amsikie binti faraghani, wazazi na mawakili wakiwa nje. Sijui kama kesho nitaulizwa kwa nini, wala nitajibu vipi mbele ya baba yake.

Wakati naondoka kwa bibi, binti alinisindikiza hadi kwenye geti. "Utarudi kuniambia walivyosema?" Nimeandika kwenye shajara: Alhamisi, saa kumi jioni. Nauli ya bodaboda nimeitenga kabisa.