Nilivyojifunza kuwasha shemine Bukavu, mvua ikinyesha

Mwezi wa kumi baba mkwe alishuka kutoka Walungu kuja kukaa nasi. Kifua kilikuwa kinamsumbua na kule hapakuwa na mtu wa kumsindikiza hospitali kila wiki. Sisi tunapanga Muhumba, katika nyumba ya zamani iliyojengwa na Wabelgiji enzi zile Bukavu ikiitwa Costermansville. Kuta nene, dari iko juu, madirisha makubwa yanatazama ziwa, na sebuleni kuna shemine ya mawe, yaani meko ya ukutani yenye dohani ya kutolea moshi. Kwa miaka minne shemine hiyo ilikuwa kabati letu: viatu vya watoto, mpira, ndoo ya unga.

Asiyeijua Bukavu anaweza kushangaa kusikia habari za shemine Kongo. Lakini mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita kama 1500, na kuanzia Septemba hadi Mei mvua haituachi. Jioni ukungu unapanda kutoka ziwa Kivu, shuka zinakaa siku tatu kwenye kamba na bado zina unyevu. Mzee aliyekaa kando ya moto kila jioni tangu utoto wake, ukimweka kwenye sebule ya simenti, anatetemeka. Na umeme nao ni wa kuja na kwenda, kwa hiyo kununua mashine ya kupasha nyumba joto tusingefika nayo popote.

Nilianza na kosa ambalo najua familia nyingi hapa zinalifanya, ndiyo maana nalisema wazi. Usiku wa kwanza wa baridi kali nilichukua mbabula, lile jiko dogo la makaa, yenye makala mekundu, nikaiweka chumbani kwa baba mkwe, nikafunga dirisha ili joto lisitoke. Alfajiri mwanangu wa kiume, anayelala chumba hicho na babu yake, alikuja kwangu akishika kichwa, akatapika mlangoni. Mzee alishindwa kusimama, miguu ilikuwa mizito. Tuliwatoa nje kwenye hewa, kisha tukakimbia kwenye dispensari. Muuguzi aliniuliza swali moja tu: «Mama, walilala na makala?»

Makala yanapoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Huoni moshi, hukohoi, hakuna kinachokuamsha. Ikiingia kwenye damu inakamata nafasi ya oksijeni, na mtu anaweza kutoka usingizini moja kwa moja hadi mauti. Mungu alituhurumia. Tangu siku hiyo mbabula inalala nje, hata kama mvua inamwagika vipi.

Basi ikabaki shemine. Mume wangu alipanda juu ya paa, akakuta mdomo wa dohani umefunikwa kwa kipande cha bati kilichobanwa na mawe; bila shaka waliotutangulia walichoka kuvujiwa. Chini ya bati kulikuwa na viota vya ndege na masizi makavu. Alitoa ndoo mbili. Mimi nikaenda kununua kuni za mikaratusi. Muuzaji akaniapia kwamba zimekauka kabisa.

Jioni hiyo nilipanga magogo matatu makubwa, nikajaza magazeti katikati, nikawasha. Gazeti likaungua vizuri, likaisha, magogo yakabaki meusi tu. Nikaongeza gazeti. Njiti za kibiriti zilikaribia kwisha, na moshi wote ulikuja sebuleni. Baba mkwe, mgonjwa wa kifua, akatoka kwenda kukaa barazani akiwa amejifunika blanketi, mvua ikimrukia miguuni. Mimi ndiye niliyemtoa ndani ya nyumba ya mwanawe. Iliniuma sana.

Kesho yake nikatumia mafuta ya taa, ambayo hapa tunayaita petroli. Nilipoona moto unazimika nikamimina tena, na kumbe chini ya majivu kulikuwa na kaa lililo hai. Moto ulipanda na yale mafuta hadi karibu na mkono wangu. Niliitupa chupa ndani ya shemine na kurudi nyuma, ncha ya kitenge ikiwa imeshaanza kuungua. Mwanangu alisimama hatua mbili kutoka hapo. Sijarudia, na naomba mwenye kusoma haya asithubutu.

Katika familia yetu baba mkwe hamkosoi mke wa mwanawe uso kwa uso. Ni heshima, na mimi naipenda. Siku ya tatu alimwita mjukuu wake, akasema kwa sauti ambayo ningeisikia hadi jikoni: «Mwambie mama yako, gogo halishiki moto kutoka kwa karatasi. Gogo linashika moto kutoka kwa tawi, na tawi kutoka kwa kibanzi. Aniletee panga na ukuni mmoja.»

Nikamletea. Alikaa kwenye kigoda, akachukua ule ukuni wa mkaratusi, akaupima mkononi, akaugonga kwa mwingine. Ulitoa sauti nzito, kama ya kugonga ndizi mbichi. Akatikisa kichwa. Akamwonyesha mtoto kichwa cha ukuni: hakuna nyufa, na ganda bado limeng'ang'ania. Ukuni mkavu unalia kama ubao, mwishoni una nyufa zinazotoka katikati, na ganda lake linabanduka kwa kucha. Kuni zangu zilikuwa zimekatwa juzi. Kumbe ile sauti ya kuchemka niliyoisikia jioni ya kwanza, na povu lililokuwa linatoka kwenye ncha, yalikuwa maji. Mti uliotoka kukatwa unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto wote nilioutafuta ulikuwa unatumika kuyachemsha hayo kwanza.

Kisha akanionyesha kupasua, maana bado alikuwa anamwonyesha mjukuu lakini sote tulijua darasa ni la nani. Hakuinua panga juu. Aliusimamisha ukuni mfupi juu ya gogo, akaweka makali ya panga kwenye kichwa chake, kisha akaligonga panga kwa ukuni mwingine, taratibu, tap, tap, mpaka likazama. Ukuni ukafunguka. Nusu akaipasua tena nusu, robo tena, mpaka akabaki na vijiti vya unene wa kidole, na vingine vyembamba kama kalamu. Vidole vyake havikukaribia makali hata mara moja. Mzee wa miaka zaidi ya sabini, pumzi fupi, na hakutoa jasho.

Vibanzi vile vya mkaratusi mbichi tulivipanga kwenye uchaga juu ya jiko, vikauke polepole. Lakini baridi haikusubiri, kwa hiyo nilikwenda Kadutu kwa maseremala. Yule niliyemkuta alikuwa na rundo la mabaki ya mbao za miti ya sipre na grevilea, na maranda hadi magotini. Kwa franga 2000 alinijazia gunia. Sipre ina utomvu, na utomvu unashika moto upesi kuliko mti wenyewe. Ila unarusha cheche, kwa hiyo usiache zulia wala mtoto mbele ya shemine. Nilikataa vipande vya tripleksi, zile mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi, na vyote vilivyopakwa rangi au vernisi, kwa sababu gundi na rangi zikiungua zinatoa moshi wa sumu, na kwangu kuna mgonjwa wa kifua. Magunzi ya mahindi makavu pia niliyaweka akiba. Yanaungua kwa utulivu, yanabeba moto vizuri kutoka kwenye vibanzi kwenda kwenye kuni.

Kitu kimoja baba mkwe hakukijua, maana nyumba ya kwao haina dohani, moshi unapita kwenye nyasi za paa. Hicho nilikigundua mwenyewe baada ya kujaza moshi sebuleni mara mbili zaidi. Dohani iliyokaa bila moto imejaa hewa baridi, na hewa baridi ni nzito, inashuka. Ukiwasha moto chini yake, moshi unakosa njia na kurudi kwako. Sasa nasokota gazeti moja kama mwenge, naliwasha, nalishikilia juu kabisa ndani ya koo la shemine kama nusu dakika. Utasikia hewa inageuka: ule upepo uliokuwa unakupuliza usoni unaanza kuvuta kwenda juu, na mwali wa gazeti unanyooka. Hapo ndipo nawasha chini. Na dirisha moja naliacha wazi upana wa vidole viwili, kwa sababu hewa inayotoka juu lazima ipate ya kuijazia.

Majivu sitoi yote, naacha kama tandiko. Kuni mbili za wastani naziweka pembeni, kushoto na kulia, zikiacha njia katikati. Katikati konzi la maranda, yasiyobanwa. Juu yake vibanzi vyembamba vilivyopishana kama ujenzi wa kibanda, kisha vya unene wa kidole, kisha magunzi mawili au matatu. Njiti moja ya kibiriti, kutoka chini. Halafu naondoa mkono. Hili la kuondoa mkono lilinigharimu zaidi ya yote, kwa sababu nilizoea mbabula, na mbabula unaipepea. Vibanzi ukivipepea mapema mwali unaruka na kukatika. Viache vilie vyenyewe. Vikishaanza kuanguka vyekundu, ndipo ukuni mmoja mkavu unawekwa juu, na baada yake wa pili.

Hata mbabula yenyewe imebadilika. Zamani niliiwasha kwa sasheti za plastiki kama jirani zangu wote, ule moshi mweusi unaokaba koo asubuhi nzima, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikipikwa hapo hapo. Sasa natia vibanzi vitano vya sipre chini ya makala na konzi la maranda, basi.

Kazi ya vibanzi imekuwa ya Jumamosi. Mwanangu anashika ukuni, mimi nagonga panga, babu yake anakaa na kufunga mafungu kwa kamba za mgomba. Fungu moja ni moto wa jioni moja. Mafungu saba tunayaweka kwenye uchaga, na hakuna anayeruhusiwa kuyagusa kwa kazi nyingine.

Mwezi wa kumi na mbili ulikuja usiku wa mvua ya mawe. Umeme ulikatika saa kumi na mbili jioni. Nilipiga magoti gizani, nikapanga kwa kupapasa, maana mikono ilikuwa imeshajua, nikawasha njiti moja. Maranda yakashika, kisha vibanzi, kisha ile sauti ndogo ya sipre inayopasuka. Sebule ilipopata mwanga niliona baba mkwe amesogeza kigoda mwenyewe. Hakumwita mjukuu. Aliniangalia, akanyoosha viganja kuelekea motoni, akasema: «Mama, leo sitatoka nje.»