Lincoln Continental ya 1961, gari linalonikosesha usingizi

Jamani mi nikianza kuongelea Lincoln Continental ya mwaka 1961 sinyamazi, mnivumilie tu. Kwanza angalia ubavu wake, umenyooka kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma, hauna mbwembwe, na hapo kumbuka miaka miwili tu nyuma Cadillac walikuwa wanatoa magari yenye mapezi marefu kama papa! Elwood Engel ndo aliyechora hili, na mwanzoni mchoro ulikuwa wa Ford Thunderbird, ukahamishiwa Lincoln, ambayo nayo ni ya kampuni hiyohiyo ya Ford.

Halafu milango sasa. Ya nyuma bawaba zake ziko nyuma, kwahiyo ukifungua yote miwili upande mmoja inaachana kama kabati la nguo, na kwenye ile ya kukunja paa ukivuta kitasa cha mlango wa nyuma kioo kinashuka kidogo chenyewe ili kisikwaruze. Mi hapo huwa naishiwa maneno.

Ila hilo paa ndo balaa lenyewe, maana buti linafunguka kinyume, paa zima linajikunja linaingia humo, kazi yote inafanywa na mota na pampu za haidroliki na swichi kibao, ikifa moja tu paa linagoma katikati umebaki unaduwaa. Mafuta nayo usiulize, injini V8 ya lita 7 na gari lina zaidi ya tani mbili.

Wakusanyaji wengi wanaitafuta hiyo ya kukunja paa, ya 1961 mpaka 1967. Mi hata ya paa la bati nachukua.