Tangi kubwa, maji meupe, na amonia usiyoiona

Lita 500 za maji ya tangi la samaki hubeba uchafu wa miezi bila kubadilika rangi, kwa hiyo mwenye tangi hushtuka tu akiona samaki wanahema juu. Macho hayaoni amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Pima.

Pima amonia, naitraiti (bakteria huipata kwa kugeuza amonia), naitreti (hatua inayofuata), pH, yaani kipimo cha asidi, na KH, yaani akiba ya kaboneti inayoizuia pH isiporomoke. Hiyo KH wengi huiruka, na kwa matangi ya zamani ndiyo ningeitazama kwanza. Bakteria wa kwenye chujio wakigeuza amonia kuwa naitraiti, asidi huzalishwa: kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia ikimalizwa hadi naitreti, hula akiba inayolingana na miligramu 7 hivi za kalsiamu kaboneti. Akiba ikiisha pH hushuka, na ikikaribia 6 bakteria karibu wanagoma. Amonia inaanza kurundikana.

Hapo ndipo penye mtego. Kwenye pH ya chini, karibu amonia yote huwa katika umbo la amoniamu, ambalo sumu yake ni ndogo, na samaki wanaonekana wazima. Sasa mtu anamwaga nusu ya maji na kujaza ya bomba yenye pH 8. Kwa nyuzi 25, amonia huru yenye sumu ni chini ya asilimia 1 ya jumla pH ikiwa 7. Ikifika 8 huzidi asilimia 5. Samaki wanakufa siku hiyohiyo, na lawama yote wanabebeshwa watu wa maji.

Tangi la namna hiyo libadilishie asilimia 10 kwa siku, ukipima amonia na pH kabla na baada, hadi pH yake iikaribie ya bomba. Usikimbilie bikaboneti ya soda amonia ikiwa bado juu, maana nayo hupandisha pH. Amonia ikishatoka, gramu 30 kwa lita 1,000 huongeza KH digrii 1. Tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60 ni lita 540 kwenye karatasi. Toa changarawe, mawe na nafasi ya juu, hesabu 450, basi gramu 13 au 14. Yeyusha kwenye ndoo kwanza, na digrii 1 kwa siku inatosha.

Kama pH ya tangi tayari inalingana na ya bomba, badilisha nusu mara moja na usilishe siku mbili.

Naitraiti ikionekana, weka chumvi isiyo na viungio, gramu 1 kwa lita 10. Kloridi hushindana na naitraiti kuingia kwenye matamvua.

Ukijaza kwa mpira moja kwa moja, dawa ya kuondoa klorini ipimie ujazo wa tangi zima, na itangulie maji. Kulaza maji usiku kucha huondoa klorini, lakini kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, hubaki. Na dawa ikiivunja, huacha amonia, kwa hiyo chagua inayofunga klorini na amonia pia.

Sponji za chujio zioshe kwenye maji yaliyotolewa tangini, nusu leo, nusu baada ya wiki mbili. Umeme ukikatika saa nyingi, chujio la kopo lenye kifuniko huishiwa oksijeni na bakteria huoza ndani. Mwaga maji yake kabla ya kuliwasha, la sivyo uozo huo wote utarudi kwa samaki.